Kisiwa cha Apo: Wavuvi Waliofunga Sehemu ya Bahari Yao

Fundisho la leo latoka mbali, katika nchi ya Ufilipino, kule mashariki ya Asia. Nchi hiyo si bara moja kama Kongo yetu. Ni visiwa zaidi ya 7,000 vilivyotawanyika baharini, na wenyeji wake walio wengi ni Wakatoliki. Kisiwa tutakachokitazama ni kidogo, jina lake Apo. Ukubwa wake ni hekta 70 na zaidi kidogo, hata mashamba ya kijiji kimoja cha kwetu yaweza kukishinda. Kiko mbele ya mji mdogo wa Dauin, karibu na ncha ya kusini ya kisiwa kikubwa cha Negros, na watu wake wapatao elfu moja wameishi tangu zamani kwa uvuvi.

Huenda mmoja wenu atauliza: Habari za wavuvi wa bahari ya mbali zatufaa nini sisi wa vijijini? Jibu lake ni hili. Watu hao walikuwa na mali isiyo ya mtu mmoja. Shamba lina mwenyewe, mbuzi ana mwenyewe, lakini samaki aliye majini hana alama ya mtu. Kila mmoja husema moyoni: Nisipomchukua mimi leo, atamchukua mwenzangu kesho. Kwa neno hilo maji mengi ya dunia yamekwisha samaki. Watu wa Apo walikaribia kuangamia kwa neno hilo hilo, kisha wakageuka. Yafaa tujue waligeukaje, kwa maana wakaao kando ya Ziwa Tanganyika, au ya Kivu, au hata ya mto tu, wana swali lilo hilo.

Maji yalivyochoka

Kwanza mwelewe jinsi bahari ya kule ilivyo. Chini ya maji, karibu na pwani, mna matumbawe. Ukiyatazama wadhani ni mawe yaliyoota matawi kama miti. Kumbe ni makao ya wanyama wadogo mno, wanaojijengea nyumba ya chokaa, kizazi juu ya kizazi. Kazi yao ni ya polepole sana: aina nyingi huongezeka kwa sentimeta chache tu kwa mwaka, na nyingine hazifikii hata sentimeta moja. Katika matundu ya matumbawe samaki wadogo hujificha, na wakubwa huja kuwinda. Matumbawe yakivunjika, samaki hawana nyumba. Ni kama kuuchoma msitu na kutumaini kumwinda paa humo mwaka ujao.

Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945, desturi mbaya ilienea katika visiwa vile, nayo ni kuvua kwa baruti. Vita viliacha baruti nyingi, na watu wakajifunza kuitumia majini. Mvuvi hutupa chupa iliyojazwa baruti. Mshindo wake hupasua kifuko cha hewa kilicho ndani ya samaki, naye hufa papo hapo. Wengine huelea, na wengi huzama wasiokotwe na mtu. Wadogo hufa pamoja na wakubwa, na matumbawe yaliyojengwa tangu siku za babu hadi za mjukuu huwa kifusi kwa nukta moja. Wavuvi wengine walitia sumu ya sianidi katika matundu ili kuwalevya samaki. Tena palikuwa na uvuvi ulioitwa muro-ami: waogeleaji wengi, mara nyingine vijana wadogo, walishusha kamba zilizofungwa mawe na kuyapigapiga matumbawe, ili samaki waogope na kukimbilia ndani ya wavu mkubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 matunda ya kazi hiyo yalionekana wazi. Wavuvi wa Apo walipiga makasia mbali, hata kilometa 10 kutoka kwao, wakatumia mchana kutwa kutafuta kitoweo. Sipendi kuwaita watu hao wabaya. Mwenye watoto wenye njaa huitazama leo tu. Na aliyekuja kutoka kisiwa kingine na baruti yake hakungoja ruhusa ya mtu. Walakini kila mwaka walikwenda mbali zaidi, wakarudi na samaki wachache zaidi.

Waliokuja na kungoja

Katika mji wa Dumaguete, huko huko Negros, kuna chuo kikuu kiitwacho Silliman, kilichoanzishwa mwaka 1901 na wamisionari Waprotestanti wa Marekani. (Ndiyo, Waprotestanti, na waliosaidiwa walikuwa Wakatoliki. Samaki hawakuuliza.) Humo alifundisha mtaalamu wa viumbe aitwaye Angel Alcala, Mfilipino, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2023. Yeye na wenzake walikuwa na wazo jepesi kulisema: funga sehemu moja ya matumbawe, asivue mtu yeyote humo, wala kwa wavu wala kwa ndoana, wala siku moja, nawe utaona samaki wakiongezeka hata katika maji uliyoyaacha wazi.

Wazo hilo lilijaribiwa kwanza mwaka 1974 kwenye kisiwa cha Sumilon, karibu na kisiwa kikubwa cha Cebu. Robo hivi ya matumbawe yake ikafungwa, na samaki wakaongezeka kweli. Mwaka 1979 watu wa chuo wakaenda Apo, wakaanza kuzungumza na wavuvi. Baadhi ya wavuvi wakapelekwa Sumilon, wakaona kwa macho yao maji yaliyopumzishwa.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi za wataalamu huharibika. Mwenye elimu huja kijijini asubuhi, hutoa habari zake kwa maneno magumu, adhuhuri huondoka, na jioni watu wamekwisha sahau. Wale wa Silliman walizungumza kwa muda wa miaka mitatu. Tena mashaka ya watu hayakuwa ya kijinga. Mvuvi yeyote mwenye akili angeuliza: Maji yetu ni madogo na samaki wamekwisha pungua, mkitunyima kipande, je, watoto watakula nini mpaka hao samaki wenu wazaliane? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa karatasi. Hujibiwa kwa kuona, na kwa muda.

Mwaka 1982 familia 14 zilikubali. Si kisiwa chote. Familia 14 tu. Wakachagua kipande cha pwani chenye urefu wa meta 450 pamoja na maji yaliyo mbele yake. Matumbawe ya mahali hapo yalikuwa bado mazuri, ila samaki wake wachache, basi hasara ya kupafunga ilikuwa ndogo. Ukihesabu maji yote waliyoyavua, sehemu iliyofungwa haikufika moja ya kumi. Ulinzi nao haukudai bunduki wala mashua ya mota. Mtu mmoja aliketi ufukoni akitazama, na familia zile zikapokezana zamu.

Jinsi maji yaliyofungwa yanavyowalisha walio nje

Jambo hili lataka maelezo, kwani kwa haraka laonekana kinyume cha akili. Mtu afungaje ghala yake ili apate chakula zaidi?

Fikirini jike la samaki. Samaki mwenye urefu mara mbili ya mwenzake wa aina ile ile huwa na uzito wa mara nane hivi, na tumbo lake hubeba mayai kwa kadiri ya ukubwa huo au zaidi. Kwa hiyo jike mmoja mkubwa aliyeachwa hai ashinda kundi la wadogo. Lakini katika maji yanayovuliwa kila siku, samaki hawaachwi wafikie ukubwa huo; hukamatwa wakiwa wadogo, mara nyingi kabla hawajazaa hata mara moja. Katika sehemu iliyofungwa hukua. Mayai yao na watoto wao huchukuliwa na mkondo wa maji hata mahali pa mbali. Na sehemu yenyewe ikiisha kujaa, wakubwa nao hutafuta nafasi, wakavuka mpaka. Samaki hajui mpaka uliowekwa na watu. Hapo ndipo mwenye ndoana humngojea. Alcala na mwenzake kutoka Australia, Garry Russ, walihesabu samaki wa Apo mwaka hata mwaka. Waliona ya kwamba uzito wa samaki wakubwa walao wenzao, ndani ya sehemu iliyofungwa, uliongezeka zaidi ya mara kumi katika miaka 18. Tena waliona samaki wa aina nyingine wakizidi nje, karibu na mpaka.

Ila angalieni muda huo. Miaka 18! Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunga alikuwa mtu mzima siku ya kuhesabu. Dalili njema zilionekana mapema, tena mapema kutosha kuwageuza majirani: kufika mwaka 1985 familia zote za kisiwa zilikuwa zimekubali, na mji wa Dauin ukatia sahihi na kuifanya amri ya watu kuwa amri ya serikali ya mahali. Wakaongeza masharti juu ya maji yote yaliyobaki: hakuna baruti, hakuna sumu, hakuna muro-ami, hakuna wavu wenye matundu madogo. Ndoana yaruhusiwa, mitego ya mianzi yaruhusiwa, na wavu wenye matundu makubwa. Wageni wa visiwa vingine wasivue. Walinzi wakaitwa kwa lugha yao bantay dagat, maana yake walinzi wa bahari. Baada ya miaka michache mvuvi wa Apo hakuhitaji tena kwenda kilometa 10. Aliweza kuvua karibu na nyumba yake, kwa saa chache, akapata kitoweo cha siku.

Sumilon, mahali pasipokuwa na mlinzi wake

Nimetaja Sumilon, na haifai niiache nusu. Kule ndiko wazo lilikoanzia, na kule ndiko lilikovunjika.

Kisiwa cha Sumilon hakikuwa na kijiji. Sehemu yake ilifungwa kwa mapatano ya chuo na mji wa Oslob, ulio ng'ambo. Kwa miaka kumi ilishikwa vizuri, na wavuvi wa pwani walivua vema katika maji yaliyo wazi. Kisha watawala wa mahali wakaacha kuiunga mkono, na mwaka 1984 ulinzi ukaanguka. Wavuvi wakaingia, hata wa muro-ami na wa baruti. Kwa siku za kwanza bila shaka mashua zilijaa. Katika muda wa miaka miwili hivi, samaki waliovuliwa Sumilon walipungua kwa zaidi ya nusu, ijapokuwa sasa watu walikuwa na maji mengi zaidi ya kuvua kuliko mwanzo. Walifungua ghala yote, wakapata chakula kidogo.

Je, tofauti ya Sumilon na Apo ilikuwa nini? Wazo lilikuwa moja, walimu walewale, samaki walewale. Mimi naona tofauti katika jambo moja: Apo kulikuwa na mtu aliyeketi ufukoni, na mtu huyo alikuwa amekubali mwenyewe. Kama mkuu wa mji angebadilika, zamu ya familia isingebadilika. Amri iliyoletwa kutoka nje hutegemea nguvu ya aliyeileta, naye akiondoka huondoka nayo.

Jambo hilo halikubaki kwa wavuvi peke yao. Mwezi wa Januari 1988 maaskofu wa Ufilipino waliwaandikia waamini wao barua juu ya uharibifu wa nchi yao, wa misitu na wa bahari pia, nao hawakuona haya kutaja matumbawe katika barua ya kichungaji. Papa Fransisko alilikumbuka neno lao katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015.

Nanyi wa Ziwa Tanganyika msidhani njia ya Apo yaweza kuchukuliwa nzima na kuwekwa kwenu. Ndagala na mikeke huhamahama katika maji makuu. Kipande kidogo kilichofungwa hakiwazuii. Kwa samaki wa namna hiyo yafaa zaidi kufunga kwa majira, kama Tanzania ilivyofunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti mwaka 2024. Lakini samaki wakaao kwenye miamba ya kando huishi na kulea watoto mahali pamoja, na hao waweza kulindwa na kijiji. Tena vyandarua vya mbu vinavyokokotwa kwenye maji mafupi huondoa watoto wa samaki kwa maelfu. Hapo hapahitaji mtaalamu kutoka mbali. Kila mama aliyewahi kuanika samaki hao wadogo kama kucha anajua ni nani wamevuliwa.

Wageni na fedha zao

Turudi Apo. Sifa za matumbawe yake zilienea, na watalii wakaanza kufika: watu wa nchi za mbali wanaolipa fedha ili wazame majini na kutazama samaki, bila kuwavua. Msicheke. Hata huko kwetu watu hupanda milima ya Virunga kwa jasho jingi na malipo makubwa ili wamtazame sokwe saa moja tu. Apo wageni wapenda hasa kuogelea karibu na kasa wakubwa, walao majani ya chini ya maji bila kuwajali.

Fedha hizo ziliwafaa wenyeji kweli. Wenye mashua waliwavusha wageni, nyumba ndogo za wageni zikajengwa, wanawake wakauza nguo ufukoni. Kila azamaye majini hutoa ada, na kwa ada hiyo shule ya kisiwa ilitengenezwa, maji na taa vikaongezwa, takataka zikavushwa ng'ambo. Watoto wengi zaidi waliweza kuendelea na masomo huko Negros, na wengine wakafika hata chuo kikuu.

Lakini kumbukeni mfuatano wa mambo. Samaki walilindwa kwanza, kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Wageni walikuja baadaye. Kijiji kinachoanza kwa kungoja watalii, kabla hakijakubaliana juu ya maji yake, chaweza kupata nyumba za wageni na kukosa samaki. Tena wageni wenyewe wana uzito wao. Wazamiaji waliwafukuza samaki mahali wavuvi walipovua, na mguu mmoja usio na uangalifu wavunja tawi la miaka kumi. Watu wa Apo wakalazimika kuwawekea nao mipaka: wasizame penye uvuvi mkuu, na idadi yao katika sehemu iliyofungwa isizidi kadiri iliyowekwa.

Jaribu lingine lilikuja limevaa nguo za heshima. Mwaka 1994 serikali kuu ilitangaza kisiwa chote pamoja na bahari yake kuwa hifadhi ya taifa. Kwa upande mmoja lilikuwa jambo jema, maana mvuvi wa baruti sasa alipambana na sheria ya nchi nzima. Kwa upande mwingine, uamuzi ulihamia katika baraza jipya ambamo watu wa serikali walikaa pamoja na wenyeji. Ada za wageni nazo zikapita njia ndefu: robo ilibaki katika mfuko wa taifa, na robo tatu zilipaswa kurudi kisiwani. Ziliporudi zilichelewa, na watu wakanung'unika. Nawaelewa. Aliyekesha ufukoni bila mshahara miaka kumi na zaidi, kisha aambiwe atie ombi kwa maandishi ili apate sehemu ya matunda, hawezi kufurahi. Hata hivyo hawakuacha kulinda.

Tufani mbili

Mwezi wa Desemba 2011 tufani iliyoitwa Washi ilipiga sehemu ile ya Ufilipino, na mwezi wa Desemba 2012 ikaja nyingine iliyoitwa Bopha. Mawimbi yaliupiga upande wa mashariki wa Apo, yaani upande wenye ile sehemu iliyofungwa tangu mwaka 1982. Matumbawe yaliyolindwa kwa miaka karibu 30 yalivunjwavunjwa, yakawa rundo la vipande vyeupe. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa wala wa kutozwa faini.

Wenyeji walifanya neno walilolijua. Waliifunga tena sehemu ile, safari hii hata kwa wazamiaji wenye ada mkononi, ili vipande vitulie na wale wanyama wadogo wa chokaa waanze upya. Wageni wakaonyeshwa pande nyingine za kisiwa, ambazo tufani hazikuziharibu vile. Wavuvi nao walikuwa na pa kutupa ndoana, kwa sababu samaki waliotoka katika sehemu ile kwa miaka 30 walikwisha kuenea katika maji yote ya kisiwa. Na mifano yao ilikuwa imevuka bahari: vijiji kwa mamia vya Ufilipino vilikuwa vimekwisha kutuma wavuvi wao kutazama, au kusikia habari, na kufunga vipande vyao wenyewe, vingi vikiwa vidogo kama kile cha meta 450, kila kimoja na mtu wake aketiye ufukoni.